Bibi anayesahau si mchawi: jinsi protini zilizokunjika vibaya zinavyoharibu ubongo

Tuseme ni saa nane ya usiku Lubondja, katika eneo la Fizi. Mama mmoja mzee, mwenye wajukuu wakubwa, anafungua mlango na kutoka nje bila viatu. Anakwenda hadi nyuma ya nyumba ya jirani, anasimama pale, anaongea peke yake. Mbwa wanabweka, jirani anatoka na tochi. Akiulizwa anafanya nini, mama anajibu kwamba anamtafuta mume wake warudi nyumbani. Mume wake alikufa miaka kumi na miwili iliyopita.

Wiki hiyo hiyo mtoto wa jirani anapata homa kali. Kila msomaji wa Fizi anajua habari hii inaweza kuendelea vipi kuanzia hapo.

Mama huyu hana jina kwa sababu ni mfano tu. Lakini watu wa hali yake wako katika kila kijiji ambamo watu wanafikia miaka 70 na kuendelea. Wanaitwa wachawi, wanaitwa vichaa, au inasemwa tu kwamba "ni uzee". Kwa zaidi ya miaka mia moja sasa waganga wamekuwa wakifungua ubongo wa watu kama hao baada ya kufa, na kile wanachokikuta mara nyingi ni uchafu wa protini zilizokunjika vibaya.

Kitenge kilichofungwa vibaya

Neno protini tunalisikia kwenye vituo vya afya mama wanapofundishwa kuwapa watoto maharagwe, samaki na mayai. Hiyo ni protini ya chakula. Lakini mwili wenyewe unatengeneza protini zake, za aina maelfu, na hizo ndizo zinazofanya karibu kazi zote: kubeba hewa katika damu, kukaza misuli, kupitisha habari kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine.

Kila protini inaanza kama uzi mrefu wa shanga. Shanga hizo zinaitwa amino asidi, na ziko za aina 20. Uzi ukishatoka haubaki umenyooka. Unajikunja wenyewe, haraka sana, mpaka upate umbo lake. Umbo hilo ndilo linaloamua kazi yake. Mmarekani Christian Anfinsen alipata tuzo ya Nobel mwaka 1972 kwa kuonyesha kwamba mpangilio wa shanga ndio unaoongoza mkunjo. Mwaka 2024 tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda tena kwa watu wa kazi hiyo: David Baker kwa kubuni protini mpya, na Demis Hassabis na John Jumper kwa kuunda programu ya kompyuta inayotabiri umbo la protini.

Mfano wa karibu ni kitenge. Kitenge kilichofungwa vizuri kinambeba mtoto mgongoni kutoka shambani hadi nyumbani. Kitenge kile kile, kikifungwa vibaya, kinamwangusha. Nguo haikubadilika, ila namna ya kuifunga.

Ndani ya kila chembe ya mwili kuna wasaidizi ambao kazi yao ni kuziongoza protini zijikunje sawa, na wasafishaji wanaozivunja zile zilizoharibika. Ujanani kazi hiyo inakwenda vizuri. Kadiri miaka inavyopita, wasaidizi na wasafishaji wanachoka. Protini zilizokunjika vibaya zinanata pamoja, zinakuwa madonge. Jambo baya zaidi ni kwamba nyingi kati yake zinaambukiza ubaya wao kwa jirani: protini mbovu ikigusana na nzima ya aina yake, inaivuta ichukue umbo lile lile bovu. Madonge yanaenea hivyo, polepole, kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine.

Ngozi ikiharibika, chembe mpya zinaota. Chembe za ubongo, kwa sehemu kubwa, ni zile zile tulizozaliwa nazo. Zikifa hazirudi. Ndiyo maana magonjwa haya yanashika ubongo kuliko viungo vingine, na ndiyo maana yanakuja mara nyingi uzeeni.

Kila tuhuma na ugonjwa wake

Si protini moja inayoharibika kwa wote. Inategemea ni ipi na imeanzia wapi katika ubongo. Ukisikiliza maneno ambayo watu wanayatumia kumshtaki mzee, unaweza kusikia ndani yake dalili ambazo mganga wa neva anazifahamu.

"Anatembea usiku, na mchana anasema hatujui." Hiyo inafanana na ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio unaoleta demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na akili, kwa wagonjwa 60 hadi 70 kati ya kila 100. Mganga wa Ujerumani Alois Alzheimer alimfuata mgonjwa wake Auguste Deter tangu mwaka 1901 huko Frankfurt. Mama huyo alipokufa mwaka 1906, Alzheimer alitazama ubongo wake kwa darubini na kukuta madonge ya aina mbili. Leo tunajua kwamba moja ni protini inayoitwa amiloidi, inayokusanyika nje ya chembe, na nyingine ni tau, inayojisokota ndani ya chembe. Uharibifu unaanza mapema katika sehemu inayohifadhi mambo mapya. Kwa hiyo mzee anasahau kwamba amekula asubuhi, lakini anakumbuka wimbo wa utotoni, na anamtafuta mume aliyekufa kwa sababu kwake kifo hicho hakijatokea.

"Anaongea na watu tusiowaona." Protini nyingine, alfa-sinukleini, inatengeneza madonge yanayoitwa miili ya Lewy. Yakienea katika ubongo, mtu anaweza kuona watoto au wanyama chumbani, waziwazi kabisa, hali hakuna kitu. Usiku anapiga kelele na kurusha mateke kwa sababu mwili wake unaigiza ndoto.

"Mikono inamtetemeka, uso wake haucheki wala haulii." Hiyo ni protini ile ile ya alfa-sinukleini ikiharibu sehemu inayoongoza mwendo. Ugonjwa huo ulielezwa na Mwingereza James Parkinson mwaka 1817 na unachukua jina lake. Uso unakakamaa, hatua zinakuwa fupi, sauti inapungua. Watu wanadhani ana hasira au anaficha jambo, na kumbe misuli ya uso haitii.

"Amekuwa mtu mwingine: anatukana, anavua nguo mbele za watu, anachukua vitu vya wengine." Kuna demensia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoshika adabu na aibu. Hapo protini zinazohusika mara nyingi ni tau au nyingine inayoitwa TDP-43. Inaweza kumkamata mtu akiwa na miaka 50 tu, kabla hata hajaitwa mzee.

Na kuna jambo ambalo wachifu, wachungaji na polisi wanapaswa kulijua kuliko yote. Mtu mwenye demensia akizungukwa na watu wenye hasira na kuulizwa mara kumi kama ni yeye aliyemla mtoto, anaweza kujibu ndiyo. Anajibu ili kelele zikome, au kwa sababu ubongo wake unajaza mashimo ya kumbukumbu kwa chochote alichosikia sasa hivi. Kukiri kwa namna hiyo hakuthibitishi kitu.

Wafore walimtafuta mchawi

Kuna watu mbali sana na Fizi ambao walipita katika njia hiyo hiyo. Ni Wafore, wakulima wa milimani huko Papua Guinea Mpya. Katikati ya karne iliyopita ugonjwa waliouita kuru, yaani kutetemeka, uliwashambulia. Mtu alianza kuyumba, akashindwa kusimama, akashindwa kumeza, akafa ndani ya mwaka mmoja hivi. Katika miaka mibaya zaidi walikufa watu kama 200 kwa mwaka, katika kabila la watu kama 11,000. Wengi walikuwa wanawake na watoto.

Wafore walikuwa na hakika kwamba ni uchawi. Wanaume walioshukiwa waliviziwa na kuuawa. Kuru haikupungua.

Mwaka 1957 waganga Vincent Zigas na Carleton Gajdusek walianza kuuandika ugonjwa huo. Miaka michache baadaye wanaanthropolojia Shirley Lindenbaum na Robert Glasse walikaa na wazee wa Wafore na kuwauliza kwa uvumilivu nani alikula nini, na lini. Jibu lilikuwa katika mazishi: kwa kumheshimu marehemu, jamaa walikula mwili wake, na ubongo ulikuwa wa wanawake na watoto wadogo. Desturi hiyo ilikuwa inakomeshwa tayari, na kuru ikaanza kupungua. Mwaka 1982 Mmarekani Stanley Prusiner alitoa jina prioni kwa kisababishi cha magonjwa ya aina hiyo: si virusi wala bakteria, ni protini iliyokunjika vibaya inayozipindisha nyingine. Wanasayansi wengi walimcheka. Mwaka 1997 alipewa tuzo ya Nobel.

Hapa lazima tuseme wazi: Alzheimer na Parkinson hazishikani kama homa. Huwezi kuzipata kwa kula sahani moja na bibi, kwa kumwogesha wala kulala naye chumba kimoja. Prioni ni jambo la pekee. Kinachofanana ni namna madonge yanavyoenea ndani ya ubongo wa mgonjwa mwenyewe.

Damu ya wazee wetu

Kwetu, bei ya kutojua inalipwa na wazee. Septemba 2021 shirika la habari la AFP liliripoti kwamba wanawake wasiopungua wanane walioshtakiwa uchawi waliuawa Kivu Kusini kwa kuchomwa moto au kupigwa na kundi la watu, wengi wao huko Kalehe. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Oktoba 2014, watu saba walichomwa hadi kufa katika kijiji cha Murufiti, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Watano kati yao walikuwa na zaidi ya miaka 60. Kasulu si mahali pageni kwa watu wa Fizi: ndiko iliko kambi ya Nyarugusu, ambako jamaa zetu wengi wameishi tangu 1996.

Hakuna aliyepima ubongo wa marehemu hao, na hatuwezi kusema walikuwa na ugonjwa gani, au kama walikuwa na wowote. Lakini watafiti waliofuatilia wagonjwa wa demensia huko Brazzaville wameandika kwamba baadhi yao waliitwa ndoki na watu wa nyumba zao wenyewe.

Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inaadhibu kwa kifungo mtu anayemshtaki mtoto uchawi. Ni hatua nzuri, ila inamhusu mtoto. Kwa bibi yake, ulinzi wa kwanza unabaki kwa familia na majirani. Na kumpiga au kumchoma mtu ni kosa la jinai, hata kama kijiji kizima kimekubaliana.

Afrika nayo inapima

Wengine wanasema haya ni magonjwa ya Wazungu. Vipimo vinakataa. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba na kukuta kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, 6 hivi wana demensia. Katika wilaya hiyo hiyo walitafuta wagonjwa wa Parkinson kati ya watu 161,000 na kupata 33. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa ugonjwa wao unaitwaje.

Nchini kwetu, Mkongomani Jean Ikanga, anayefundisha Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, anashirikiana na Chuo Kikuu cha Kinshasa kupima damu na ubongo wa wazee wa Kinshasa, kutafuta alama za amiloidi na tau. Ni kazi muhimu, kwa sababu vipimo vingi vilitengenezwa kwa kutazama Wazungu.

Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 57 hivi waliokuwa na demensia mwaka 2021. Zaidi ya nusu wanaishi katika nchi zenye kipato kidogo au cha kati.

Kabla ya kusema ni ubongo wa uzee

Si kila mzee aliyechanganyikiwa ana ugonjwa wa protini. Hili linaweza kuokoa maisha. Akili ikibadilika kwa ghafla, ndani ya siku chache, hiyo ni dharura: inaweza kuwa malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya mkojo, kukaukiwa na maji au sukari kushuka. Upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, fikiria kiharusi. Malale, kaswende, virusi vya Ukimwi, pombe na huzuni kubwa ya vita pia vinaharibu akili, na vingi kati ya hivyo vina dawa. Konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu ambao umeonekana pia Kivu Kusini, unatokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Nao ni wa neva, ila si demensia.

Demensia ya protini inakuja polepole, kwa miezi na miaka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa familia ni hili: ilianza lini? Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kupima homa, malaria, presha na sukari. Mambo yakizidi, anatuma hospitali kuu. Bukavu kuna kituo cha SOSAME kinachoshughulikia magonjwa ya akili na neva, ingawa kwa mtu wa Lubondja safari hiyo ni ndefu, na vita huizidisha.

Dawa iko?

Kwa Parkinson, dawa inayoitwa levodopa haiponyi, lakini inaweza kumrudishia mtu hatua zake na uso wake kwa miaka. Iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Familia inayoona kutetemeka na mwendo mzito iulize dawa hiyo kwa jina.

Kwa Alzheimer, Marekani iliidhinisha lecanemab mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024. Dawa hizo zinaondoa amiloidi katika ubongo, na kweli zinapunguza mwendo wa ugonjwa, ila kidogo tu. Zinaweza kuvimbisha ubongo au kuutoa damu, zinahitaji mashine za skana, na bei ya lecanemab ilitangazwa kuwa dola 26,500 kwa mwaka. Wanasayansi bado wanabishana kiasi gani amiloidi yenyewe ndiyo inayoua chembe. Kwa Fizi, tumaini la leo haliko hapo.

Liko zaidi katika kinga na matunzo. Mwaka 2024 kamati ya wataalamu wa jarida la Lancet ilisema karibu nusu ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Mengi tunayafahamu: presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, masikio na macho yasiyotibiwa, upweke, na kukosa shule utotoni. Kumpeleka mtoto darasani leo ni kuulinda ubongo wake wa miaka 70.

Nyumbani, mzee aliyeanza kupotea asifungwe kamba wala kupigwa. Mlango ufungwe na kitu kinachotoa mlio, ili mtu aamke akitoka. Taa ndogo ibaki usiku. Jina lake na nambari ya simu ya mtoto wake viandikwe na kushonwa kwenye nguo yake. Akimtafuta marehemu, usibishane naye. Mwulize habari za mume wake, mpe chai, mrudishe kitandani. Mpe kazi anayoiweza, kama kuchambua maharagwe au sombe. Familia zilizohama kwa sababu ya vita zijue kwamba nyumba mpya inaweza kuzidisha kuchanganyikiwa. Mkeka wake wa zamani na sauti anazozijua vinasaidia. Anayemlea naye apumzishwe, kwa sababu mzigo huu unavunja mgongo wa mtu mmoja, na karibu daima mtu huyo ni binti au mkamwana.

Na jambo la mwisho lifanywe mapema, kabla ya usiku ule wa mbwa kubweka. Waambieni majirani. Mkusanye wale wa nyumba tano za karibu, na chifu na mchungaji wakiwezekana, muwaambie: bibi yetu ana ugonjwa wa ubongo, anasahau, anaweza kutoka usiku. Mkimwona mlangoni kwenu, mshikeni mkono, mtuletee. Na mtoto akipata homa, tumpeleke pamoja kituo cha afya akapimwe malaria.